'Hard': pale 'ngumu' inapotosha, na pale inapofaa

Fomu nyingi za shule na kliniki zilizotafsiriwa kutoka Kiingereza huwa na swali kuhusu mtoto aliye "hard of hearing". Mfasiri mwenye haraka huandika: "Je, mtoto wako ni mgumu wa kusikia?" Mzazi anayelisoma haoni hapo swali la masikio. Anaona swali la tabia: mtoto asiyesikia la mkubwa, anayeambiwa usiende akaenda. Mzazi mwenye mtoto mtiifu ambaye masikio yake yana kasoro atajibu "hapana" kwa moyo mweupe, na mtoto hatapelekwa kupimwa.

Kwa Kiingereza, "hard of hearing" haisemi lolote kuhusu utii. Ni mtu ambaye usikivu wake umepungua, kidogo au sana, lakini bado anasikia kiasi cha kuweza kuwasiliana kwa mazungumzo, mara nyingi kwa msaada wa kifaa cha sikioni. Kiziwi ana neno lake jingine. Tafsiri inayofaa ni "ana usikivu hafifu", au kwa fomu ya wazazi, "ana tatizo la kusikia". Neno la kuepuka hapo ni "mgumu".

Kosa hili lina mizizi. "Hard" si neno lililokosa mwenzake katika Kiswahili. Lina mwenzake wa karibu mno. Jiwe gumu, hesabu ngumu, maisha magumu, moyo mgumu: mara nne Kiingereza kinasema "hard", mara nne sisi tunasema "-gumu", na mara zote nne tumepatia. Ikifika mara ya tano hatukagui tena. Neno geni kabisa humlazimisha mfasiri kusimama na kufikiri. Neno lenye sura ya ndugu humbembeleza apite, na ndiyo maana nalihesabu "hard" kuwa hatari kuliko maneno marefu ya kisayansi ambayo kila mtu huyaogopa.

Njia ninayoiamini ya kulishika ni kuliuliza swali moja: hapa kuna kitu kinachokinza, je, kinakinza nini? Jiwe linakinza kucha. Hesabu inakinza akili. Maji yanakinza sabuni. Mpaka wa nchi unamkinza msafiri. Ukishajua kinachokinzwa, neno la Kiswahili huja lenyewe, na mara nyingi si "-gumu". Kuna upande wa pili pia, ambako "hard" si ukinzani bali ni nguvu inayosukuma: kupiga, kunyesha, kujaribu. Huko "-gumu" haina nafasi kabisa.

Pande hizi mbili ni za zamani. Katika Kiingereza cha kale neno liliandikwa "heard", na ndugu yake wa Kijerumani ni "hart". Wanaisimu wanaliweka katika ukoo mmoja na neno la Kigiriki "kratos", yaani nguvu au mamlaka, lile lililo ndani ya "demokrasia". Hata majina ya watu yamelihifadhi: mwisho wa Bernard na Leonard ni neno hilihili, kwa maana ya ushupavu, dubu shupavu na simba shupavu. Kwa hiyo tangu mwanzo lilibeba ugumu wa jiwe na nguvu za shujaa kwa pamoja.

Tuanze na ugumu wa vitu, kwa sababu hapo ndipo tunapojiamini zaidi. Mwaka 1812 Friedrich Mohs, mtaalamu wa madini wa Kijerumani, alipanga madini kumi kwa kigezo kimoja: lipi linaweza kulikwaruza lingine. Talki ikawa 1, jasi 2, kwatzi 7, korandamu 9 na almasi 10. Ukucha wa mtu uko karibu na 2.5, kwa hiyo unakwaruza jasi lakini hauiwezi kwatzi. Namba hizo ni nafasi tu, si vipimo vya kulingana: pengo kati ya 9 na 10 ni kubwa kuliko pengo kati ya 1 na 9. Ugumu unaosemwa na Mohs ni wa kukinza mkwaruzo, basi. Almasi isiyokwaruzwa na jiwe lingine lolote la asili hupasuka ikipigwa nyundo vizuri.

Msomaji wa Kiswahili akiambiwa "kioo ni kigumu" anashangaa, kwa sababu kwetu kitu kigumu ni kile kisichovunjika ovyo. Kwa mtaalamu wa vifaa kioo ni kigumu kweli, na huvunjika kirahisi, na hakuna mgongano wowote. Angalia tupa ya fundi. Chuma chake kimechomwa hadi kikawa chekundu, kisha kikatumbukizwa ghafla kwenye maji au mafuta. Kinatoka kigumu kiasi cha kula vyuma vingine. Lakini fundi akiitumia tupa hiyo kama mtaimbo wa kubandulia kitu, inakatika ghafla kama kijiti kikavu. Patasi hupitia hatua moja zaidi: baada ya kutumbukizwa hupashwa tena moto wa wastani, wa kama nyuzi 200 hadi 300 za selsiasi, ili ipoteze ugumu kidogo ipate uwezo wa kustahimili mapigo ya nyundo.

Sasa fikiria mwongozo wa kiwanda unaoeleza hatua hiyo. Kiingereza kitatumia "hardness" kwa kile kinachopungua na "toughness" kwa kile kinachoongezeka, katika sentensi moja. Mfasiri akiyaita yote mawili "ugumu", anaandika kwamba ugumu hupungua ili ugumu uongezeke. Nimeona maandiko ya namna hiyo yakiachwa hivyohivyo, na anayeumia ni mwanafunzi wa ufundi anayedhani hana akili. Tengeni kazi: "ugumu" ubaki wa kukinza mkwaruzo na kubonyea, na kile kingine kiitwe "ustahimilivu" au kielezwe kwa maneno, uwezo wa kupokea pigo bila kuvunjika. Kipimo cha Brinell, cha mwaka 1900, kinaonyesha maana hiyo ya kwanza waziwazi: mpira wa chuma wenye kipenyo cha milimita 10 unakandamizwa juu ya chuma kinachopimwa kwa mzigo wa kilo 3,000, halafu kinapimwa kishimo kilichobaki. Kishimo kikiwa kidogo, chuma ni kigumu. Kipimo hicho hakisemi kama chuma kitavunjika kikianguka.

Mbao zina mtego wa aina yake. "Hardwood" tunaiita mbao ngumu, na seremala anasadiki anaambiwa habari za msumeno wake. Kumbe kwa mtaalamu wa mimea neno hilo linataja ukoo wa mti: ule unaotoa maua na mbegu zilizofunikwa ndani ya tunda. "Softwood" ni ya misonobari na jamaa zake, ambao mbegu zao ziko wazi. Balsa, mti ambao mbao yake ni nyepesi na inabonyea kwa kidole, ni "hardwood" kwa hesabu hiyo, na msonobari wowote wa kawaida unaushinda kwa ugumu. Kwa maandiko ya biashara ya mbao "mbao ngumu" inatosha, maana wauzaji na wanunuzi wameshaelewana. Kwa kitabu cha botania inafaa kuongeza sentensi inayosema kwamba hapa jina linafuata aina ya mti, si uzito wala ugumu wa ubao.

Maji ndiyo mfano ninaoupenda kuliko yote, kwa sababu maji hayana ugumu wowote wa kugusa. "Hard water" ni maji yenye kalsiamu na magnesiamu nyingi, na kinachokinzwa ni sabuni. Ukisugua sabuni ya mche ndani yake, povu halitoki. Kinatokea kwanza kitu kama maziwa yaliyoganda, cha kijivu, kinachoelea juu na kunata kwenye nguo, kwa kuwa kalsiamu inaikamata sabuni kabla haijafanya kazi. Povu litaanza tu baada ya kalsiamu hiyo kwisha, na wakati huo umeshatumia sabuni nyingi. Kwa kipimo kinachotumika sana, maji yenye hadi miligramu 60 kwa lita, yakihesabiwa kama kalsiamu kaboneti, huitwa laini. Kutoka 61 hadi 120 yana ugumu wa kiasi, kutoka 121 hadi 180 ni magumu, na zaidi ya hapo ni magumu sana. Ugumu wa muda huondoka kwa kuchemsha, na alama yake ni ule ukoko mweupe unaobaki ndani ya birika. Ugumu wa kudumu hauondoki kwa moto. Unahitaji soda ya kufulia au mtambo wa kulainisha maji. Sabuni za unga za kisasa hazitoi ule uchafu wa kijivu, ndiyo maana wafuaji wengi wa leo hawaujui.

"Maji magumu" limeshaingia katika vitabu vya kemia na sioni sababu ya kulibadilisha. Tahadhari iko kwa kinyume chake. "Soft water" ni maji laini, lakini wapo wanaoandika "maji baridi", na hilo ni kosa la maana. Maji baridi ni yale ya mtoni, ziwani na kisimani, yasiyo na chumvi ya bahari, na baadhi yake ni magumu kupindukia.

Neno hilo "baridi" linatufungulia jambo zuri. Kiingereza kinagawa vinywaji kwa jozi ya "hard" na "soft". Kiswahili hakikuifuata jozi hiyo hata kidogo. "Soft drinks" ni vinywaji baridi, hata chupa ikiwa imeshinda juani, na "hard liquor" ni pombe kali. Ugumu na ulaini vimegeuka ukali na ubaridi, kwa sababu mnywaji wa Kiswahili anahesabu kinachotokea kooni. Dawa za kulevya zinafuata njia hiyohiyo: "hard drugs" ni dawa kali za kulevya, na "dawa ngumu" ingemfanya msomaji afikirie kidonge kisichomezeka. Lakini hata "kali" haifai kila mahali. Kwa Wamarekani "hard cider" ni maji ya tofaa yaliyochachushwa yakawa na kileo, na kileo chake ni kidogo, karibu na cha bia. "Hard" pale inasema tu kwamba kileo kimo, kwa sababu kwao "cider" peke yake huweza kuwa juisi. Waingereza wakisema "cider" wanamaanisha yenye kileo tayari. Kwa hiyo ya Wamarekani iandikwe "yenye kileo", na pombe kali ibaki kwa vile vinywaji vya asilimia 40 na vinavyokaribiana.

Katika habari za siasa na uchumi makosa huwa ghali zaidi. Baada ya kura ya maoni ya tarehe 23 Juni 2016 kuhusu Uingereza kujitoa katika Umoja wa Ulaya, yaani Brexit, magazeti ya Kiingereza yalijaa "hard Brexit". Ukiandika "Brexit ngumu", msomaji anaelewa kwamba zoezi lilikuwa na vikwazo. Maana yake ilikuwa kujitoa moja kwa moja, pamoja na kuacha soko la pamoja na umoja wa forodha, na njia hiyo iliitwa hivyo hata na waliodhani ni rahisi. "Hard border", suala lililosumbua sana kati ya Ireland na Ireland ya Kaskazini, ni mpaka wenye vituo vya ukaguzi na vizuizi. "Mpaka mgumu" haisemi kitu. "Mpaka wa ukaguzi" inasema.

"Hard currency" wengi huiandika "fedha za kigeni", nayo hupita bila kelele. Haijakamilika. Kila fedha ya nchi nyingine ni ya kigeni, lakini si kila moja inapokewa popote. Kinachokinzwa hapa ni kushuka thamani, na kinachotafutwa ni kukubalika: dola, yuro, pauni, yeni. "Fedha za kigeni zinazokubalika kimataifa" ni ndefu, lakini ni ya kweli, na makala ikishaitaja mara moja inaweza kufupisha baadaye. "Hard cash" haina shida: ni taslimu. "Hard evidence" si ushahidi mgumu, maana huo ungekuwa ushahidi unaowatoa jasho mahakimu. Ni ushahidi thabiti, usiopingika. Na "hard-liner" ni mwenye msimamo mkali. Ukali tena, umeona?

Ofisini "nakala ngumu" imeshazoeleka kwa "hard copy". Sitaipiga vita, ila "nakala ya karatasi" inaeleweka na kila mtu tangu siku ya kwanza. "Diski ngumu" ina haki zaidi, kwa kuwa sahani zake ni ngumu kweli, za alumini au kioo, na iliitwa hivyo kuitofautisha na diski za plastiki zilizokunjika. "Hard deadline" ni tarehe ya mwisho isiyosogezwa. Na "hard and fast rule" imewahi kugeuzwa "kanuni ngumu na ya haraka", hali neno "fast" pale lina maana yake ya zamani, iliyofungwa imara. Ni lugha ya mabaharia, ya chombo kilichokwama mwambani kisitikisike. Kwetu ni kanuni isiyobadilika.

Upande wa nguvu sasa. Hapa "hard" inaeleza kitendo, na Kiswahili kina tabia nzuri ya kuuweka ukali wa kitendo ndani ya kitenzi chenyewe au kwenye neno lake maalumu. Kufanya kazi "hard" ni kuchapa kazi, kufanya kwa bidii. "A hard worker" ni mchapakazi, na ukimwita "mfanyakazi mgumu" umemtukana. Mvua ikinyesha "hard", inanyesha kubwa. Kumwangalia mtu "hard" ni kumkazia macho. Kupumua "hard" ni kuhema. Kufikiri "hard" ni kufikiri sana, au kuumiza kichwa. "Alifanya kazi ngumu" na "alifanya kazi kwa bidii" ni habari mbili: ya kwanza inasifu kazi, ya pili inamsifu mtu. Kwenye barua ya kumpendekeza mtu ajira, tofauti hiyo ndiyo barua yenyewe.

Kisha liko "hardly", ambalo kwa umbo ni "hard" lililovalishwa mkia na kwa maana limekimbilia upande wa pili. Zamani lilimaanisha kwa nguvu, kwa ukali. Leo linamaanisha karibu-na-hapana. "He worked hard" ni alichapa kazi. "He hardly worked" ni hakufanya kazi ya maana. Mfasiri anayeandika "alifanya kazi kwa ugumu" ameigeuza lawama kuwa sifa. Neno hili lina ukanushi ndani yake bila kuonyesha alama ya ukanushi, kwa hiyo katika Kiswahili ukanushi huo lazima utokeze juu: "I hardly know him", simjui vizuri. "There is hardly any water", maji karibu hakuna. "Hardly ever", ni nadra. Mgonjwa akisema "I can hardly breathe", andika "napumua kwa shida sana", na usiilainishe, kwa sababu daktari anapima uharaka kwa maneno hayo. Na katika hadithi, "hardly had she sat down when the phone rang", Kiswahili kina mtindo wake mtamu: hata hajaketi vizuri, simu ikalia.

Sarufi nayo ina jambo moja linaloangusha wengi. Kiingereza hupenda kumweka mtendewa mwanzoni: "The child is hard to hear". Mtoto huyo hasikii chochote, yeye ndiye anayesikiwa, kwa shida, pengine sauti yake ni ndogo au simu ina kelele. Ukiandika "mtoto ni mgumu kusikia" umemfanya yeye ndiye msikiaji, tena mkaidi. Kiswahili kinadai kiambishi cha mtendewa: ni vigumu kumsikia mtoto huyo. Vivyo hivyo "ni vigumu kumpata", "ni vigumu kukifungua", "ni vigumu kuzitofautisha". Kile kiambishi kidogo cha mtendewa ndicho kinachobeba maana yote, na kwa kuwa Kiingereza hakikionyeshi, mfasiri husahau kukirudisha. Angalia pia kwamba sentensi hizi hutumia "vigumu", umbo lisilofuata nomino yoyote, sawa na "vizuri" na "vibaya". "Ni ngumu kumpata" inasikika kila siku midomoni, na katika maandishi rasmi "ni vigumu" bado ndiyo iliyonyooka.

Safari ya kurudi, kutoka Kiswahili kwenda Kiingereza, ina mitego yake. Nyama ngumu si "hard meat". Ni "tough", kwa sababu inakinza meno kwa kuvutika, si kwa kukinza mkwaruzo. Ni tofauti ileile ya tupa na patasi. Shingo iliyokuwa ngumu asubuhi ni "stiff", kwa kuwa inakinza kupinda. Mtu mgumu kutoa ni "tight-fisted", na ukisema "a hard man" umemfanya katili asiye na huruma, jambo ambalo bahili wa watu hakulitenda. Mkate uliolala ukawa mgumu ni "stale" kama shida ni uchakavu wake, na "hard" kama shida ni meno. Godoro gumu linategemea nani anazungumza: anayeliuza atasema "firm", na aliyelalia akaamka na maumivu ya mgongo atasema "hard". Mfasiri wa malalamiko ya mteja akichagua "firm", malalamiko yamefutika, na kampuni itamjibu mteja kwa kumshukuru.